Mhuri unatunyima tangazo

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita maji yalikatika huku kwetu Mbagala kwa siku tatu. Majirani walikuwa wameshajaza madumu. Mimi nilikutwa na nusu ndoo. Si kwamba tangazo halikunifikia. Lilifika kwenye simu mapema tu, nikaligusa, simu ikanisomea neno moja: "Picha."

Mimi sioni. Simu yangu ina TalkBack, ambayo husoma kwa sauti maandishi ninayoyapitishia kidole. Magazeti nasoma hivyo hivyo, na hili lenu pia. Karatasi iliyopigwa picha ni habari nyingine. Zipo programu za kutambua maandishi ndani ya picha, ila mhuri ukigongwa juu ya tarehe, tarehe ndiyo inayopotea.

Kinachoniudhi ni kwamba barua ile iliandikwa kwenye kompyuta. Ikachapwa, ikasainiwa, ikagongwa mhuri, ikapigwa picha, ndipo ikarushwa. Maneno niliyoyahitaji yalikuwapo tangu mwanzo. Kama mhuri ni lazima, sawa, picha itumwe, na chini yake yabandikwe maneno yale yale.

Sisi wenyewe tumelijifunza hili kwa kuumizana. Kundi letu la WhatsApp lina wasioona na viziwi. Wasioona tulizoea kupeana habari kwa sauti: mtaro umechimbwa Rangi Tatu na haujafunikwa, fimbo nyeupe zinapatikana duka fulani Kariakoo. Siku moja fundi cherehani wetu, ambaye ni kiziwi, akaandika: "Jamani, mnaongea nini huko?" Tulikuwa tumemfungia mlango miezi kadhaa bila kujua. Tangu hapo mimi naongea, simu inaandika. Hukosea, ndiyo, juzi nilisema tukutane Zakhem, ikaandika "zaka hema". Alicheka, lakini alifika. Naye akituma video ya lugha ya alama, huongeza mstari mmoja wa maandishi, nami simu hunisomea. Hatukupewa semina wala posho.

Kwa upande wa vitabu kuna Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020. Unaruhusu kitabu kutengenezwa kwa nukta nundu au kwa sauti kwa ajili yetu bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Ikiwa hata kitabu cha mtu kimefunguliwa njia, tangazo la maji linazuiwa na nani?

Jumatatu nilipiga simu ofisi husika kuwaeleza haya. Dada aliyepokea alikuwa mpole kweli, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia niandike barua, nikaigongeshe mhuri serikali ya mtaa, kisha niipige picha niwatumie.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam