Jumamosi: mpango umebadilika kidogo

Habari za jioni ndugu zangu wa mashine za kufulia za zamani,

Tunakutana Jumamosi hii saa nne asubuhi kwenye gereji yangu hapa Leicester, siyo ukumbini tena. Saa nne yetu, jamani. Mara iliyopita wawili walifika saa kumi jioni tumeshafunga.

1. Mchango ni pauni 15 kila mmoja, mwisho Jumatano usiku. Ni za kukodi gari la kwenda Derby kuchukua ile mashine ya kufulia ya Hoovermatic ya ngoma mbili tuliyopewa.

2. Nahitaji watu wanne wa kunyanyua. Mashine ya kukaushia ya Creda nitaileta mwenyewe.

3. Kila mwenye mashine apige picha ya kibati chenye modeli na namba kabla hajasafisha chochote. Stika na maandishi ya mafundi msibandue, hata yakiwa machafu. Wenye Keymatic (mashine ya kufulia ya Hoover), pigeni picha ule ufunguo wake, kile kibao bapa kinachochomekwa kwenye mashine, pande zote: mapengo ya kingoni ndiyo yanayochagua programu, na ukipotea mashine inabaki pambo. Kiwanda cha Hoover cha Merthyr Tydfil, Wales, kilichofunguliwa 1948 kiliacha kutengeneza mashine 2009, hivyo hakuna pa kuagiza ufunguo mwingine.

Tafadhali mtu asichomeke mashine kwenye umeme kabla hatujakagua waya na mipira ya maji.

Naomba kila mmoja ajibu hapa kabla ya Jumatano: unakuja au huji, na kama mgongo wako unaruhusu kunyanyua. Chai na maandazi ni juu yangu.