Yale Magunia Mawili

Mpendwa Zaituni,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo. Niwie radhi kwa kimya cha miezi 3. Barua yako niliipokea, nikaisoma mara mbili, na tangu hapo kuna jambo moja ambalo haliniondoki moyoni: kwamba baada ya karamu ya Bakari mlijaza magamba ya chaza magunia mawili, mkayatupa shimoni.

Zaituni, yale si taka. Mtoto wa chaza huelea majini kwa wiki 2 au 3 tu, kisha hana budi kupata kitu kigumu cha kujibandika, na akishajibandika hahami tena maisha yake yote. Akiangukia topeni, hufukiwa akafa. Anachokipenda kuliko vyote ni gamba la chaza mwenzake. Juzi niliokota gamba kuukuu, nikaligeuza, nikahesabu chaza wachanga 11, wadogo kama punje za mtama, wameng'ang'ania upande wa ndani, pale pale alipokuwa amelala mwenye gamba.

Hivyo ndivyo mwamba wa chaza unavyojengeka, kizazi juu ya kizazi, na katika mianya yake hujificha kaa, kamba na samaki wadogo, huku mawimbi yakipunguzwa nguvu kabla ya kufika ufukweni. Chaza mmoja mkubwa, hali ya maji ikimfaa, anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku: hunasa vijimea vya kula, na asichokitaka hukifunga kwa ute akakiacha kizame, maji yakatakata hata mwanga ukazifikia nyasi za chini. Inakadiriwa kwamba asilimia 85 ya miamba hiyo duniani imekwisha kupotea, na mojawapo ya sababu ni sisi walaji, tunaochukua nyama na gamba pia.

Sikuambii uache kuwala. Wana madini ya zinki na chuma kwa wingi, na wanaofugwa hawahitaji kulishwa chochote, kwa kuwa chakula chao kimo majini. Ila wapikwe, tafadhali. Unakumbuka yaliyompata Mwanaidi alipowala wabichi. Limau haliui vijidudu. Chaza aliyeachama kabla ya kupikwa, ukimgonga asifunge, usimle; na wakichemshwa, waache motoni dakika 3 hadi 5 baada ya kufunguka.

Narudi kwenye yale magunia. Jijini New York, tangu mwaka 2014, kuna mradi uitwao Billion Oyster Project unaokusanya magamba kutoka mikahawani, ukayaanika nje mwaka mzima ili jua na mvua viyasafishe yasipeleke maradhi baharini, kisha ukayarudisha majini yakiwa na chaza wachanga. Nimetamani sana nasi tufanye hivyo, kwa idhini ya maofisa wa uvuvi.

Je, shimo limekwisha kufukiwa? Bakari atakubali kuyatoa magamba hayo, au nimwandikie mwenyewe? Una mahali pa wazi pa kuyaanika, mbali na mbwa? Na yule binamu yako wa idara ya uvuvi, bado yuko? Nijibu upesi, kabla hawajamwaga udongo.

Wako akupendaye,
Mwanahawa