Darubini nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa wazazi na walimu wa skuli, jambo linalonisikitisha kila mara hapa Wete: darubini ndogo za lenzi za kutazamia nyota, ambazo jamaa zetu walioko Maskati na Dubai huwaletea watoto zawadi, hujaribiwa usiku mmoja au miwili, zikahukumiwa kuwa mbovu, kisha zikatiwa stoo mpaka lenzi zikaota ukungu.

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu aliniletea yake akiwa amekwisha kata tamaa. Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hiyo hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 700, na boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Kijana alizitaka zote 525, kwa hivyo alichomeka lenzi ya jicho, yaani ile ndogo unayochungulia, ya milimita 4 pamoja na kile kipande cha kuzidishia mara tatu, asione kitu ila giza. Hesabu yenyewe ni nyepesi: 700 ukigawa kwa 4 unapata 175, na mara tatu yake ni 525. Lakini lenzi ya mbele ya upana huo haifai kukuza zaidi ya mara 140 hivi. Ukipita hapo picha hufifia na kuvurugika, na mtikisiko mdogo wa miguu ya darubini hukupotezea unachokitazama. Nilimtilia lenzi ya milimita 20, inayokuza mara 35 tu.

Hata hivyo picha haikukaa sawa, kwa sababu alikuwa amekiacha ndani ya boksi kile kipande cha pembe chenye kioo, akidhani hakina kazi. Bila ya hicho, gurudumu la kurekebishia hufika mwisho wake kabla picha haijatulia.

Ilibaki darubini ndogo ya kulengea, ambayo yeye alikuwa akihangaika nayo usiku. Kazi hiyo ni ya mchana. Tulielekeza darubini kubwa kwenye ncha ya mnara wa simu ulio ng'ambo ya bonde, mbali kabisa na upande wa jua, tukaiweka ncha katikati, kisha tukazungusha skrubu za ile ndogo taratibu mpaka msalaba wake ukatua pale pale. Usiku tuliihamishia majanini, kwani sakafu ya saruji iliyochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto linaloichezesha picha, tukailenga Mshtarii, yaani sayari ya Jupita. Kijana alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza zile nukta nne zilizojipanga mstari mmoja ni nini. Ni miezi ile ile aliyoigundua Galileo mwezi wa Januari 1610, kwa chombo kilichokuza mara 20 hivi.

Kwa anayetaka kununua, naongeza kwamba baadhi ya vitabu vya maelezo huagiza mhimili ambao darubini huuzunguka juu ya miguu yake uelekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini, nayo kwetu, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, haichomozi kamwe. Bora achague miguu inayogeuka juu na chini, kulia na kushoto, basi.

Wauzaji wa mjini nawaomba watie ndani ya kila boksi ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mambo haya, na la jua liwe la kwanza. Anayetaka kutafuta mwezi mwandamo asiguse darubini mpaka jua limezama lote, kwani kulitazama kwa chombo hiki, hata kwa kupepesa, kunaweza kupofua jicho kwa maisha. Baadhi ya maboksi yana kioo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, eti cha kutazamia jua. Joto linalokusanyika hapo huweza kukipasua wakati jicho lipo nyuma yake. Mzazi atakayekikuta akitupe kabla mtoto hajafungua boksi.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba