Dada, nukta ile ilikuwa nukta tu

Columbus, Ohio

Dada Zainabu,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, huku tu wazima, baridi ndiyo hiyo, tumeshaizoea.

Maneno yako nimeyapata kwa Shangazi: eti nimeota pembe, Hamisi kaniomba ada kwa adabu zake, mjomba mtu nikamjibu kwa hasira. Jibu langu nimelifungua, nikalisoma mara tatu. Lina neno moja: "Sawa." Hasira iko wapi hapo?

Salma ndiye aliyeiona. "Baba, umeweka nukta!" Kumbe kwa hawa vijana, sawa yenye nukta ni sawa na kumbamizia mtu mlango. Isiyo na nukta ni ya kawaida, "sawaaa" ndiyo ya moyo mweupe, na ukimtumia mtu kidole gumba umemfukuza. Nikambishia. Akanitolea utafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, New York, wa mwaka 2015: wanafunzi 126 walipewa meseji wasome, na majibu ya neno moja yaliyofungwa kwa nukta wakayaona hayatoki moyoni. Yalipoandikwa kwa mkono, nukta haikubadili kitu. Ndiyo maana nimenunua kalamu. (Na wale waliosema watoto wa Marekani huharibika, waambie wangu anasoma tafiti.)

Lakini nukta nilifundishwa hapo hapo Ngamiani, kwa fimbo. Huyo Hamisi mwenyewe aliandika "mxiuuu" kwenye grupu la ukoo, nikadhani simu imemponyoka, kumbe anasonya! Sisi tulisonya mbele ya wajomba? Nawe usijitie hamnazo: enzi za meseji ya herufi 160 uliniandikia "cjui xaxa 2fanyeje", tukibana irabu tuokoe vocha. Wao leo wanazimwaga.

Kinachoniuma, hukunipigia. Ungeisikia sauti yangu. "Haya" yako wewe, moja tu, huwa nenda, huwa nyamaza, huwa pole, huwa utaniona. Naijua kabla hujaimaliza. Usiku nikitoka kazini, gari likipata moto (lile jipya, picha mnayo), naisikiliza tena sauti uliyonitumia Idi, jogoo anawika nyuma yako.

Ada nimetuma jana, kamili, na ya sare humo humo. Ukuta wa kwa Mzee Bakari msinihusishe.

Hamisi nimemwandikia upya: "Sawaaaa". Salma ndiye aliyenihesabia hizo a.

Mdogo wako,
Rajabu