Saa kumi jioni, mwanao anacheza nini?

Wazazi wanaokuja kwetu, kwenye tiba kwa vitendo, huja na maswali yanayofanana: ataandika lini, atavaa shati mwenyewe lini, mkono utanyooka lini. Tukishayajibu, nasi tunauliza letu. Saa kumi jioni, wenzake wakiwa nje, yeye huwa anafanya nini? "Yupo ndani, anaangalia katuni." Anazipenda? Hapo mama husita. "Sijui. Ndicho anachoweza."

Wengi wanaijua tiba kwa vitendo kwa kumrudishia mgonjwa wa kiharusi uwezo wa kushika kijiko. Lakini inagusa siku nzima ya mtu: kujihudumia, kusoma au kufanya kazi, na kujiburudisha. Hilo la tatu ndilo husahaulika, hasa mtoto akiwa na mtindio wa ubongo au usonji. Baba mmoja alituuliza, "Yaani nimelipa hela ili aje acheze?" Ndiyo, baba. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unautaja mchezo kuwa haki.

Kwanza tunatafuta anachokipenda. Asiyeongea tunamtandazia vitu mkekani: kete, kamba, mpira, rangi, kopo la kupiga ngoma. Kisha tunatulia na kutazama mkono unaenda wapi.

Halafu tunauchambua mchezo wenyewe. Chukua rede. Aliye katikati anakwepa mpira, anakimbia, anainama, anajaza mchanga kwenye chupa, yote kwa haraka. Mtoto ambaye miguu yake imekaza hapawezi pale. Lakini kurusha anaweza, hata akiwa amekaa kwenye kiti, na mnaokumbuka rede mnajua mrushaji mwenye shabaha anavyogombaniwa. Kwa hiyo tunafanyia kazi shabaha. Mpira wa soksi tunauongeza unene kidogo ili ushikike, mstari unasogezwa karibu, na anapewa mwenzake wa kumwokotea mipira inayopita. Siku akianza kulenga barabara, mstari unarudi nyuma.

Mwenye usonji anayeziba masikio kelele zikizidi, rede huenda isimfae. Huyo bao linaweza kumkaa vizuri: zamu zinaeleweka, kete zinashikika, hakuna anayempigia kelele (akicheza na babu zake barazani, hilo hatuliahidi). Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64. Sisi tunaanza na mashimo manne na vizibo vya chupa za maji, maana vidole vingine havijaweza kuokota kete. Anayependa kuchora lakini penseli inamponyoka, tunatoboa kipande cha kandambili kuukuu na kukivisha penseli. Hicho hatukitozi.

Ila tunawaomba jambo moja: mchezo usigeuke zoezi. "Tumia mkono wa kulia! Haya, hesabu!" Mtoto anashtuka mara moja. Mkono utapata nguvu humo humo mchezoni, hata bila kutajwa. Sisi wenyewe huteleza; tukiona anatutazama usoni kuliko anavyoutazama mpira, tunanyamaza.

Kikao cha kwanza ni kama saa moja. Njoo naye akiwa ameshakula, na nguo isiyoogopa mchanga. Na kama yupo dada yake, au mtoto wa jirani anayeweza kucheza naye huko nyumbani, mje naye pia. Huyo halipiwi.