Faili ya pamoja itafutwe kwanza palipo faili iliyoiita

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa kompyuta hapa Mombasa. Mimi nafundisha vijana lugha ya C huku Kisauni, chumba cha juu ya duka la simu, kwa mashine kuukuu za Linux. Kinachotuchelewesha kila muhula si hesabu wala pointa. Ni make, programu inayojenga programu nyingine kutoka faili zake, kudai haioni faili ambayo kijana anaiona kwa macho yake.

Kwa asiyeijua, make ya kwanza iliandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 kule Bell Labs, Marekani. Husoma maagizo ikajua kipi cha kujengwa upya. Maagizo yanayohitajiwa na miradi mingi huwekwa kwenye faili moja, kila mradi ukaiita kwa include. Hapo ndipo penye mzozo. GNU make, ile make ya kwenye Linux ambayo karibu sote twaitumia, huanza kutafuta katika folda uliyosimama wewe, si folda ya faili iliyoita. Ikikosa huenda kwenye folda ulizotaja kwa alama ya -I unapoiita make, kisha zile za mfumo, zikiwemo /usr/local/include na /usr/include. Kijana akipanda folda moja juu na kuandika make -f chini/Makefile, yaani kuiita faili ya maagizo iliyo folda ya chini, faili iliyokuwa ikionekana asubuhi imepotea, na hakuna aliyeigusa.

Kompaila ya C, inayogeuza msimbo kuwa programu, haina vituko hivyo: jina likiwa ndani ya alama za kunukuu, huanza palipo faili iliyoita. Make ya BSD, jamii nyingine ya mifumo kama Linux, hali kadhalika, na faili zake za mfumo zina makao yao, /usr/share/mk. Hao wamepatia. /usr/include ni kwa faili za C. Maagizo ya make yatafuta nini humo?

Wapo wanaojiokoa kwa kuandika njia nzima kuanzia /home. Nimewahi kuletewa kazi ya fundi mmoja, tena aliyelipwa vizuri, kila mstari umebeba jina la folda yake ya nyumbani. Kwake yajengeka, kwetu haikupita hata hatua ya kwanza. Wengine hurundika -I juu ya -I. Hilo naliogopa zaidi, maana make haichagui iliyo bora. Ni mtoto aliyetumwa unga, duka la kwanza njiani ndilo analonunua. Folda ya mbele ikiwa na nakala ya zamani, itajenga kimya kimya nawe utahangaika na msimbo usio na kosa.

Maoni yangu: itafute kwanza kando ya faili iliyoita, kisha alipotaja mtumiaji, mwisho mahali pamoja pa mfumo. Ikikosa, itaje kote ilikopita. gcc, kompaila ya C, ukiipa -v huorodhesha folda inazopekua. Make hukwambia tu faili haipo. Kwa sasa vijana wangu huandika $(dir $(lastword $(MAKEFILE_LIST))) juu kabisa, kabla ya include yoyote, ili njia ihesabiwe kutoka kwenye faili yenyewe. Haipendezi machoni, lakini inafanya kazi popote.

Nawauliza wanaosahihisha kazi za wanafunzi: mnazijenga kwenye mashine ya nani, na mkiwa mmesimama folda gani?

Mwalimu wa kompyuta,
Kisauni, Mombasa