Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Minara, Fito na Barua ya Agosti

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zangu, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, nawasalimu nyote. Katiba ya chama chetu inanitaka nisome taarifa mbele ya mkutano mkuu. Mkutano wa Desemba ulihudhuriwa na watu 14 na akidi haikutimia, kwa hiyo naileta kwa maandishi ili kila mmoja aisome nyumbani kwake.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumetembelea majengo ya kale mara mbili, tumepokea wanafunzi wa shule tatu, tumepaka rangi chumba cha vitabu, tumewazika wenzetu wawili, Mungu awapumzishe, na kamati ya picha imeendelea kukusanya picha za zamani. Nawashukuru wote. Nafasi iliyobaki nataka kuitumia kwa jambo lililozaa maneno mengi tangu mwezi wa nane, yaani ile barua.

Kwa wasiojua lilivyoanza: parokia moja ya jirani ilikuwa inaandaa ramani ya kanisa jipya, na kamati yao ya ujenzi ikatuomba maoni kwa sababu walitaka lifanane na makanisa ya wamisionari wa zamani. Ramani ilikuwa na mnara mrefu wa matofali, umeshikana na ukuta wa mbele, juu kabisa ya mlango mkubwa wanapopita waumini. Nikajibu. Nilishauri mnara utengwe na kanisa, uwe mfupi na mnene, au kengele itundikwe uani kwenye fremu ya chuma. Nilishauri pia kwamba ile pembetatu ya ukuta chini ya paa isipandishwe kwa matofali hadi kileleni, bali imaliziwe kwa mbao na bati. Nikasaini kwa jina la chama.

Nimeambiwa nimewadhalilisha waumini wa watu, nimejifanya injinia, na nimeandika bila idhini. Hilo la idhini nalijibu kwanza. Niliitisha kikao Juni, wakaja 9. Nikaitisha Julai, wakaja 12. Agosti tukawa 8, nikiwemo mimi, katibu na mhazini. Akidi yetu ni 20. Kamati ya parokia ilihitaji jibu kabla mafundi hawajachimba msingi. Katiba inamruhusu mwenyekiti kuamua jambo la haraka akishauriana na katibu na mhazini, na nilishauriana nao. Wanaolalamika kwamba hawakuulizwa waangalie kitabu cha mahudhurio, majina yao hayamo katika hata kikao kimoja kati ya hivyo vitatu.

Sasa kuhusu ujuzi. Mimi si injinia, na barua yenyewe inasema hivyo katika aya ya pili na kuwataka watafute injinia aliyesajiliwa. Lakini tangu Februari nilikuwa nikisoma usiku, kwa bando langu mwenyewe, jinsi matetemeko ya ardhi yalivyobadilisha makanisa ya enzi za ukoloni katika nchi zinazotikiswa kuliko yetu. Niliandaa mihadhara sita juu ya jambo hilo. Kwa kuwa wengi hawakuja, nitaeleza kidogo hapa.

Wahispania walipofika Lima, huko Peru, mwaka 1535 walitaka kujenga kama kwao: mawe, matofali, matao mazito juu ya vichwa vya watu. Ardhi ikawakatalia. Matetemeko ya 1586, 1609, 1655 na 1687 yaliangusha na kupasua walichojenga, wakawa wanarudia na kurudia. Kanisa la Wafransisko lilipoanguka mwaka 1656, kazi ya kulijenga upya alipewa Mreno mmoja, Constantino de Vasconcellos. Matao ya juu akayafanya kwa kincha. Kincha ni nini? Ni fremu ya mbao, ikajazwa matete, ikakandikwa udongo, juu ikapakwa lipu. Wenyeji wa pwani ile walijenga hivyo kabla ya meli ya kwanza ya Wahispania, na neno lenyewe limetoka katika lugha ya Kikechua. Kanisa hilo lilistahimili tetemeko la 1687, likastahimili na la 1746.

Na la 1746 halikuwa dogo. Lilikuja usiku wa Oktoba 28, mnamo saa nne na nusu. Lima ilikuwa na nyumba zipatazo 3,000, zikabaki wima 25. Bandari ya Callao ikafagiwa na mawimbi, na kati ya watu karibu 5,000 wakapona kama 200. Mtawala wa pale, José Antonio Manso de Velasco, alimwita mwanahisabati Mfaransa Louis Godin amshauri namna ya kujenga upya. Godin akasema kuta zifupishwe, barabara zipanuliwe, ghorofa za juu za matofali ziondolewe. Wenye nyumba wakaja juu, wakasema anawashushia hadhi. Mwisho wakakubaliana kwamba sehemu za juu zijengwe kwa kincha. Hata kanisa kuu la Lima lilirudishiwa matao yake kwa mbao na matete, yakapakwa lipu vizuri hata anayetazama kutoka chini hudhani ni mawe.

Ndugu zangu, matete na udongo! Hapa kwetu mtu akiambiwa hivyo anaona ametukanwa, anafikiria nyumba ya mbavu za mbwa. Lakini babu zetu wa Buhaya, hapa Kagera, walikaa ndani ya msonge wa matete na nyasi, nyumba inayoyumba na kurudi mahali pake. Sisemi parokia ijenge msonge. Ninachosema ni kwamba kilicho juu ya kichwa cha mtu kiwe chepesi, kwa maana tetemeko hulisukuma jengo kwa kadiri ya uzito wake.

Mnara una tabia yake. Kanisa ni fupi na pana, likitikiswa hutetemeka upesi upesi. Mnara ni mrefu, huyumba polepole kama mgomba. Ukivishikanisha, kila kimoja kinakwenda kwa mwendo wake, vinagongana pale vilipoungana, na kinachovunjika huangukia mlangoni, ndipo watu wanapokimbilia. Wajenzi wa Ufilipino walilielewa hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1645 tetemeko liliharibu vibaya Manila. Tarehe 3 Juni 1863 kanisa kuu la Manila lilimwangukia padri Pedro Peláez na wengine waliokuwa ndani. Kanisa la San Agustin, lililokamilika mwaka 1607, lilibaki limesimama, lakini matetemeko ya 1880 yalipasua mnara wake wa kushoto, ukaja kuondolewa. Mpaka leo lina mnara mmoja.

Kanisa ninalolipenda kuliko yote liko Paoay, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Lilianza kujengwa mwaka 1694, likakamilika 1710, kwa matofali na mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, vitu ambavyo ndugu zetu wa Kilwa na Lamu wanavijua vizuri. Ukilitazama ubavuni huoni ukuta kwanza, unaona miguu. Ni nguzo 24 za kuegemeza, kila moja ina unene wa mita 1.67, zimetanuka chini na kupanda kwa vipande kama ngazi, mfano wa ng'ombe mzee aliyetandaza miguu asianguke. Mnara wa kengele uko peke yake uwanjani, mbali na kanisa. Ulijengwa mwaka 1793, umenenepa chini na kupungua juu. Nani anaweza kusema kanisa hilo limedhalilishwa? UNESCO imeliweka katika urithi wa dunia tangu 1993.

Antigua, Guatemala, ilikuwa hivyo hivyo. Kanisa la La Merced lilikamilika miaka michache tu kabla ya tetemeko la Julai 29, 1773. Kuta zake nene, minara yake mifupi iliyobonyea kama imekalia mabega. Tetemeko lile liliangusha kanisa kuu na sehemu kubwa ya mji, hata makao makuu ya koloni yakahamishwa mwaka 1776, lakini La Merced lilisimama na linasalisha hadi leo.

Mtaniuliza, kwa nini tuhangaike na Peru na Ufilipino? Kwa sababu tuko kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Jumapili ya Februari 3, 2008, ardhi ilitikisika Bukavu, Kongo, na Rusizi, Rwanda, na upande wa Rwanda waumini walikufa wakiwa kanisani. Na Jumamosi ya Septemba 10, 2016, ilikuwa zamu yetu, kipimo cha 5.9. Wengi wenu mlikuwepo. Mimi nilikuwa sebuleni, saa tisa na nusu alasiri. Kuta nne za chumba cha wageni zilisimama, ila ile pembetatu ya matofali chini ya bati ilidondoka yote, mistari saba ya tofali, juu ya kitanda ambacho mjukuu wangu alikuwa ameamka dakika chache tu kabla. Nilipoiona ramani ya parokia ile, niliona pembetatu ile ile, kubwa mara tano. Ndiyo maana sikusubiri akidi.

Kuna lawama pia ya shilingi 186,000 zilizotumika kwa ukuta wa mfano. Nilimwita fundi, tukajenga kuta mbili ndogo, urefu wa kiuno, juu ya ubao uliolazwa kwenye mabomba. Mmoja wa matofali mabichi, mwingine wa mianzi na matete yaliyokandikwa udongo na kupakwa chokaa. Vijana wakausukuma ubao huku na huku. Ule wa tofali ulipasuka kwa mshazari msukumo wa pili, wa tatu ukamwagika. Ule wa matete ulilia kama kikapu, lipu ikabanduka vipande, lakini ulisimama mpaka vijana wakachoka. Hakuna mhadhara wangu wowote uliofundisha kama dakika zile kumi. Waliokuja kuangalia ni wanachama 11.

Hapo naingia kwenye ada. Tuko 64. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 23, waliolipa nusu ni 10, ambao hawajatoa hata senti ni 31. Zimepatikana 672,000, tunadaiana 864,000. Wageni walitupa 410,000. Tulianza na salio la 233,000, tumetumia 965,000 ukiwemo ukuta, tumebaki na 350,000. Vitabu viko wazi kwa mama mhazini. Inaniuma kusema kwamba watatu kati ya waliopiga kelele zaidi kuhusu 186,000 wamo katika wale 31. Siwataji, wenyewe wanajijua, na nawaomba kwa upendo walipe.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuchapisha kijitabu cha mihadhara ile, kutembelea makanisa ya zamani ya mkoa na kuandika nyufa zake, na pengine kumpata injinia wa kutufundisha. Tarehe tutawajulisha. Kamati ya parokia ilijibu Novemba: mnara wameufupisha na kuutenga, pembetatu bado wanajadiliana. Nakala ya majibu yao iko chumba cha vitabu.

Ukuta wa matete bado umesimama uani kwa katibu, chini ya turubai. Atakayetaka kuutazama ampigie kwanza simu, maana mbwa hufunguliwa saa kumi na mbili jioni.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti